Mtaji Tulioula

"Madam, andika tu imefungwa. Lakini haikufa. Tuliila."

Binti aliyeniambia maneno hayo alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nje ya mlango wa nyumba yao huko Mlango Kubwa, Mathare, Nairobi, akimenya viazi vya jirani muuza chipsi. Mimi nilisimama mbele yake na karatasi. Sisi ni kundi dogo la marafiki wenye ajira. Kila mwezi tunachanga, na pesa ikitosha tunawapa vijana wachache wa mtaani mtaji wa kuanzia. Baadaye mmoja wetu huzunguka kuuliza biashara inaendeleaje. Karatasi ina visanduku viwili: inaendelea, imefungwa.

Yake ilikuwa kigari cha smokie, zile soseji za mtaani, na mayai ya kuchemsha. Jioni alikisukuma hadi kando ya Juja Road, pale matatu zinaposhusha watu, na kachumbari yake ilikuwa na sifa. Kisha mama yake, ambaye hufulia watu nguo Eastleigh, akaanza kukohoa na kikohozi kikakataa kuisha. Iliyotangulia kwenda ni faida. Ikafuata pesa ya kununulia mzigo. Ukauzwa mtungi wa gesi. Mwishowe kikauzwa kigari chenyewe, ili mama aruhusiwe kutoka wodini.

"Mama yuko?" nikauliza.

"Yuko ndani, amepumzika. Anaendelea poa."

Nikatia alama kwenye "imefungwa", nikashika njia kwenda kwa kijana aliyefuata kwenye orodha.

Tangu siku hiyo sijatulia.

## Hadithi tunayoipenda

Nairobi haiishiwi makongamano ya vijana na umaskini. Ukumbi wa hoteli Westlands, kadi ya jina shingoni, chai na sambusa saa nne, na mtu jukwaani anayesema vijana si tatizo bali ni suluhisho. Nimewahi kuwa mtu huyo wa jukwaani. Nilipigiwa makofi.

Hadithi yenyewe mnaijua. Mpe kijana ujuzi na mtaji kidogo. Atajiajiri, ataajiri wawili wengine, na hao nao wataajiri. Tukizidisha vya kutosha tunafika 2030, mwaka ambao mataifa yaliahidiana, kule nyuma 2015, kwamba umaskini uliokithiri utakuwa umekwisha duniani.

Sina ugomvi na hadithi nzima. Ugomvi wangu ni kwamba kijana wa ndani yake hana mama. Hana wadogo zake wanaosubiri karo, hana nyanya kijijini anayebip jioni. Yuko peke yake na ndoto yake, kama mche ndani ya kopo.

Kijana huyo mimi sijawahi kukutana naye.

## Mstari

Shirika letu la takwimu, KNBS, lina namna kavu sana ya kumpima fukara wa kutupwa. Ni mtu ambaye hata akiacha kulipa kodi ya nyumba, asipande matatu, asinunue sabuni, kila senti aitie kwenye chakula, bado hafikii kiwango cha chini ambacho mwili unahitaji. Katika utafiti wa 2015/16 kiwango hicho kwa mjini kilikuwa shilingi 2,551 kwa mtu mzima kwa mwezi. Asilimia 8.6 ya Wakenya walikuwa hawafikii kiwango cha mahali wanapoishi, mjini au kijijini. Benki ya Dunia nayo ina mstari wake wa umaskini uliokithiri, ambao Juni 2025 uliinuliwa kutoka dola 2.15 hadi dola 3 kwa siku. (Hizo si dola za kubadilishia mjini. Zimesawazishwa kulingana na bei za kila nchi, kwa hiyo usikimbilie kikokotoo.)

Sasa, yule binti alikuwa chini ya mstari? Kigari kilipokuwa kinatembea, sidhani. Na mama yake na wadogo zake? Walikuwa juu kwa sababu ya kigari. Na mama alipougua, kigari kilikuwa ndicho kitu pekee ndani ya nyumba ile kilichoweza kugeuzwa pesa kabla ya saa ya kufunga ofisi ya malipo.

Kilifanya kazi yake. Kwenye karatasi yangu, kimefeli.

## Mwaka wa pili

Nilirudi kusoma. Nilitaka kujua kama ni sisi tu, wachangishaji wa mwisho wa mwezi, tunaokutana na haya.

Si sisi tu. Kuna utafiti uliofanywa hapa hapa Nairobi, kwa mabinti wa miaka 18 na 19 kutoka mitaa mitatu iliyo maskini zaidi. Wengine walipewa mafunzo na vifaa vya kuanzisha biashara, saluni au kigari cha chakula. Wengine walikabidhiwa shilingi 20,000 taslimu, bila mafunzo wala masharti. Miezi saba hadi kumi baadaye makundi yote mawili yalikuwa na kipato kikubwa kuliko wenzao ambao hawakupewa kitu. Mwaka wa pili tofauti ikayeyuka. Wote wakarudi sawa.

Kaskazini mwa Uganda hadithi ni ndefu zaidi. Mwaka 2008 serikali iliwapa vijana, kupitia vikundi vyao, ruzuku iliyokuwa wastani wa dola 382 kwa kila mmoja. Baada ya miaka minne kipato chao kilikuwa juu kwa asilimia 38 kuliko cha wale waliokosa. Baada ya miaka tisa, waliokosa walikuwa wamewafikia, ingawa waliopewa walibaki na mali zaidi nyumbani.

Mara ya kwanza unaposoma matokeo kama hayo unakata tamaa. Nilifunga kompyuta nikaenda kuosha vyombo. Lakini watafiti wa Nairobi walikuwa na maelezo ambayo nilikuwa nimeyaruka: mabinti wale walikosa mahali pa kuweka pesa ikakaa. Pesa nyingi kwa mkupuo, ndani ya chumba kimoja cha mabati chenye watu sita na shida sita, haikai.

Nani atailaumu?

## Shilingi 455 kwa siku

Mnakumbuka Kazi Mtaani. Ilianza 2020, korona ikiwa imefunga kila kitu, vijana wa mitaa ya mabanda wakalipwa kuzibua mitaro na kufagia njia. Mwanzo malipo yalikuwa shilingi 653 kwa siku, baadaye yakashuka hadi 455. Wachambuzi walicheka: hii si ajira, ni ya kuwatuliza vijana. Huenda ilikuwa hivyo. Lakini kama uliwahi kusimama kwa wakala wa M-Pesa siku ile malipo yalipoingia, uliona foleni, na uliona kwamba wengi hawakuja kutoa pesa tu. Walikuja kutuma. Siaya. Kitui. Busia. Nyingine zilikwenda hatua chache tu, kwa mama mwenye nyumba au kwa duka la unga lenye daftari la madeni.

Kwa takwimu za 2015/16, maskini Nairobi walikuwa asilimia 16.7 na Turkana asilimia 79.4. Tunapenda kuzisoma kama nchi mbili tofauti. Kumbe zimeunganishwa na simu ya kijana. Mvua ikigoma kule, simu inalia huku.

Mzee aliyefikisha miaka 70 anastahili Inua Jamii, posho ya serikali ya shilingi 2,000 kwa mwezi, na kuna miezi pesa hizo huchelewa. Anayeziba pengo ni mjukuu aliye kwenye mjengo Ruaka. Mtoto akiitwa shule ya sekondari, anayetafuta sare na godoro ni kaka yake wa boda. Ndiyo maana kila ninaposikia swali "vijana watachangia vipi kumaliza umaskini" ninahisi limeulizwa na mtu asiyejua bili za nyumba zile hulipwa na nani. Vijana wanachangia. Wanachangia mpaka kigari kinauzwa.

## Mweka hazina hakubali

Kundi letu lina mweka hazina aliyefanya kazi miaka mingi katika mikopo midogo. Hana maneno mengi, na huwa ana haki mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Nilipomweleza haya yote aliniangalia akanywa chai.

"Dadangu, akiba haiozi," akasema. "Tukianza kusifu kila aliyekula mtaji, mwakani hatutakuwa na mtaji."

Kisha akaendelea, na hapo ndipo aliponibana. China, alisema, katika miaka arobaini imewatoa watu karibu milioni 800 kwenye umaskini uliokithiri. Walitokaje? Walianza na mashamba, yakazaa zaidi. Vikafuata viwanda, vikaajiri watoto wa wakulima wale. Hakuna taifa lililovuka kwa smokie. Ukiona mji una vigari vingi, ujue hauna kazi. Kwa hiyo ama tukubali tunatoa sadaka na tuache kujiita waendelezaji, ama tuwe wakali kuhusu biashara zipi zinasimama.

Sikuwa na jibu. Bado sina lote.

Nilichofanya ni kurudi kwa wale tuliokuwa tumewaandikia "imefungwa" na kuwauliza swali ambalo halikuwa kwenye karatasi: pesa zilienda wapi? Karo ya kidato cha kwanza. Kodi ya miezi miwili, mwenye nyumba alikuwa ameshang'oa mlango. Mazishi Kakamega. Nyumba iliungua, tukaanza na magodoro. Askari wa kaunti walibeba mzigo wote, nikachoka. Na mmoja, kijana mcheshi wa Huruma: "Nilikula raha, Madam, siwezi kukudanganya. Ilikuwa Desemba."

Mweka hazina alilifurahia sana hilo la mwisho. Analitaja kila tukikutana.

Lakini yatazame hayo mengine. Mengi ni mambo ambayo Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inasema ni haki ya kila mtu: afya, makao, chakula, elimu, hifadhi ya jamii. Kijana wa miaka ishirini na mbili ndiye aliyekuwa akiyagharamia, kwa faida ya mayai ya kuchemsha.

## Ng'ombe na unga

Kilichonigeuza hasa kilitoka Bangladesh. Shirika la BRAC huko lilianza mwaka 2002 kuwalenga watu waliokuwa maskini kiasi kwamba hata mikopo midogo haikuwafikia. Waliwapa ng'ombe au mbuzi, wakawafunza kumtunza, wakawatembelea mara kwa mara. Hadi hapo ni yale yale. Ila waliongeza kitu ambacho sisi hatukuwahi kukifikiria: kwa miezi kadhaa waliwapa pia posho ya chakula, na wakaangalia afya zao. Sababu yake ni rahisi hadi inaudhi. Familia yenye njaa hula mbuzi.

Utaratibu huo ulijaribiwa katika nchi sita, zikiwemo Ethiopia na Ghana, na matokeo yakachapishwa 2015. Mwaka mmoja baada ya msaada wote kukoma, familia zilizopewa bado zilikuwa zinakula vizuri zaidi na kumiliki zaidi kuliko zile ambazo hazikupewa.

Nilimsomea mweka hazina kwenye simu. Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza gharama kwa kila familia ilikuwa ngapi. Nikamwambia. Akacheka.

Hata hivyo hakukata simu.

## Mkate

Kuna jambo jingine nililokuwa nikilizunguka, na siwezi kuliandika bila kurudi Juni 2024.

Mswada wa fedha wa mwaka ule ulipendekeza VAT ya asilimia 16 kwenye mkate na ushuru wa asilimia 25 kwenye mafuta ya kupikia ya mimea. Fikiria mapendekezo hayo mawili tu kutoka kwenye chumba cha Mlango Kubwa: mkate na mafuta. Vijana waliusoma mswada ule, kurasa na vifungu, wakaufafanua kwenye TikTok, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani ili mama na shosho, nyanya zao, waelewe. Kodi ya mkate iliondolewa wiki moja kabla ya tarehe 25. Siku yenyewe ilipofika waandamanaji waliingia Bungeni, na kesho yake Rais akasema hatatia saini. Makumi ya watu walipoteza maisha katika majuma hayo. Sitaki kuipita hesabu hiyo haraka, na sitaki kuipamba.

Wengi wameandika kuhusu Juni ile kama siasa. Mimi naiona pia kama kazi kubwa ya kupinga umaskini kuliko semina zote nilizohudhuria. Kodi ya mkate isiyopita haina mahafali wala picha ya wahitimu, lakini imefika katika kila nyumba yenye kikombe cha chai asubuhi.

Shaka yangu ni hii: fukara wa kutupwa hakuwa mitandaoni kufafanua vifungu. Hakuwa na bando. Na mambo mengi yanayomgusa hayaamuliwi Juni kwa kelele. Huamuliwa kimyakimya kwenye vikao vya bajeti ya kaunti, ambavyo kisheria wananchi lazima washirikishwe. Nimehudhuria kimoja. Kilikuwa siku ya kazi, saa nne asubuhi. Ukumbini walikuwepo wazee wachache, watu wanaojiandaa kugombea udiwani, na kikundi cha akina mama waliovaa leso zinazofanana. Vijana wa mtaa ule walikuwa wameondoka saa kumi na moja alfajiri kutafuta kibarua.

Wangekuwepo wangeuliza nini? Nadhani wangeuliza maji. Mtungi wa lita 20 ukiuzwa shilingi kumi, lita 1,000 zinakuwa shilingi 500. Mtu wa bomba halali Kilimani halipi karibu na hapo. Wangeuliza kwa nini uchumi wa kadogo, mafuta ya kipimo, makaa ya kopo, unampa asiye nacho bei ya juu kuliko aliye nacho. Na wangekuwa na ushahidi, kwa sababu kazi hiyo imewahi kufanywa. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walitembea na vifaa vya GPS wakachora mtaa wao, ambao hadi wakati huo ulikuwa pengo tupu kwenye ramani za mtandaoni. Kule Mukuru, ambako kaunti ilitangaza eneo maalum la mipango mwaka 2017, wakazi wenyewe kupitia Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, walishiriki kukusanya taarifa nyumba kwa nyumba, na hesabu za bei ya maji zikawa sehemu ya hoja. Baadaye barabara na mabomba yakaanza kuingia.

Huyo aliyekwenda kuhesabu hakupewa mtaji wa kigari. Sijui tungemwekea alama kwenye kisanduku gani.

## Jumamosi

Kwa hiyo nimepeleka pendekezo kwenye kundi letu. Kila tutakayempa mtaji wa shilingi 15,000, tumlipie pia mchango wa SHA, bima ya afya ya taifa, wa mwaka mzima yeye na nyumba yake. Kwa asiye na mshahara, kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa kwa mkupuo: 3,600. Nilitaka pia posho ya unga kwa miezi mitatu ya mwanzo, lakini hiyo nimeambiwa niiweke mfukoni kwanza.

Ubishi umekuwa mkali. Daktari mmoja aliye kati yetu anasema kadi haitibu mtu kama hospitali haina dawa. Mwingine anaona tunafanya kazi ya serikali, na serikali itafurahi sana. Nilimwambia asilete hoja hiyo mbele ya yule binti, maana kazi hiyo ya serikali amekuwa akiifanya yeye tangu amalize darasa la nane.

Mweka hazina hakupiga kelele. Alichukua kalamu. Mwaka huu tulikuwa na shilingi 150,000 na vijana kumi. Kwa mpango wangu kila kijana anagharimu 18,600, na pesa inaishia kwa wanane. "Wewe ndiye uliyeleta wazo," akasema, "kwa hiyo wewe ndiye utakayechagua wawili wa kuondoa."

Kura ni Jumamosi. Orodha ninayo mimi, na wa tisa juu yake, kijana wa Kosovo, ile ya Mathare, anayetaka kununua mashine ya kunyolea, alinipigia jana kuuliza kama zamu yake imefika. Nilimwambia bado tunabishana, na nikamweleza tunabishania nini. Akauliza kama anaweza kuchukua mtaji bila hiyo kadi. Nikamuuliza anaishi na nani.

"Na shosho," akasema. "Na watoto wa sista."